Maswali ya Wasomaji: Kidole Kinagoma Kwenye Gitaa Tu, Kwingine Kote Kiko Sawa

Toleo lililopita tuliongea maumivu ya mgongo ya watu wa boda, basi wanamuziki wakaja juu, na sisi je, sisi si watu? Haya, leo ni zamu yenu. Nimechukua barua nne, zingine nimezipunguza kidogo. Na kabla sijaanza, naombeni muache kuniita dokta, mimi ni mtu wa fiziotherapia, dawa siandiki.

Dokta shikamoo. Mimi napiga solo kwenye bendi moja hapa Kampala, tunapiga rumba na seben, ile sehemu ya kasi ya kuchezesha watu, wikendi tuko Kabalagala na siku zingine ni harusi na kwanjula, zile sherehe za utambulisho kabla ya ndoa. Nina miaka 36, gitaa nilianza utotoni Bunia, Kongo, kabla hatujakimbilia huku. Napiga na vidole, gumba, shahada na cha kati, situmiagi pleki, kile kiplastiki cha kugongea nyuzi. Tangu mwaka jana nikiingia kwenye seben kidole cha kati cha mkono wa kulia kinajikunja chenyewe kinaingia kiganjani na kukitoa siwezi, alafu cha shahada kinanyooka kabisa. Hakiumi hata kidogo. Nikiweka gitaa chini mkono mzima, naandika, nakula posho, nachati, nafunga vifungo vya shati. Nimeongeza mazoezi mpaka masaa manne kila siku, ndio imezidi. Kliniki walinipa diklofenaki na vitamini, bure. Mama mkwe anasema nimerogwa na jamaa wa gitaa la risimu anayetaka nafasi yangu, na mbuzi nimeshatoa. Rafiki yangu wa Brussels anasema kuna sindano. Nifanye nini, hii ndio kazi inalisha watoto. — Mpiga Solo, Nsambya

Kaka, pole sana. Mbuzi ameshaenda basi, lakini wa pili usitoe, na huyo jamaa wa risimu msalimie vizuri hana kosa lolote.

Hiyo kitu ina jina, inaitwa distonia, misuli inajikaza yenyewe bila wewe kutaka, na hii yako ni ile aina inayoshika kazi moja tu na kuacha zingine zote. Kwa barua siwezi kukupimia, lazima mtu akuone ukipiga, lakini alama ulizozitaja ni zenyewe kabisa: haiumi, inakuja na gitaa likikaa mapajani na inaondoka nalo, kidole kimoja kinakunjika na jirani yake ananyooka kupita kiasi, alafu wewe ni mwanaume wa miaka 30 na kitu unayepiga kitu cha kasi cha kurudiarudia. Kwa wanamuziki wanaoishi kwa muziki inakadiriwa inampata kama mmoja kwa kila 100, kwa hiyo kwa bendi zote za Kampala na makanisa yake yote hauko peke yako, ni vile watu wanaficha wakiogopa kupoteza nafasi.

Sasa sikiliza vizuri hapa maana ndipo watu wengi wanapotea. Kidole chako ni kizima, mshipa mzima, mfupa mzima, ukipiga eksirei itatoka safi na pesa yako imekwenda. Shida iko kwenye ubongo. Kule juu kila kidole kina sehemu yake, na cha shahada na cha kati wanakaa majirani, na kuna breki inayozuia amri ya huyu isimfikie yule. Ukipiga seben ile ile miaka 20, vidole viwili vikipishana kwa kasi kubwa kila usiku, kwa baadhi ya watu ule mpaka wa kati ya majirani hao unafifia na breki inalegea, basi ukiamuru shahada ipige na cha kati nacho kinapokea amri, kinakunjika. Ni kama barabara ya marami, ya udongo, baada ya mvua, lori likishachimba mfereji kila gari linaangukia mulemule, na wewe kwa kuongeza masaa manne ulikuwa unachimba zaidi. Ndio maana imezidi. Najua kwa mwanamuziki hii ni ngumu kumeza, maisha yote tumeambiwa ukishindwa ongeza mazoezi, lakini kwa ugonjwa huu mazoezi ya nguvu ndio sumu yenyewe.

Na usijilaumu pia, sababu kuna watu wanapiga kuliko wewe na hawapati. Kuna urithi ndani yake, wagonjwa wengine utakuta kuna ndugu ana kitu cha aina hiyo, labda mkono unaokakamaa akiandika. Kuna hofu na ile tabia ya kutaka kila noti itoke bila doa. Wengine inaanza baada ya kubadilisha staili au kurudi kazini haraka baada ya kuumia.

Hatua ya kwanza ni daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Omba rufaa uende kliniki ya neurolojia hospitali ya Mulago, na tafadhali NENDA NA GITAA. Nasema kwa herufi kubwa sababu watu wanaenda mikono mitupu, daktari anasema nibane vidole, nyoosha, kunja, gusa pua, kila kitu sawa, mtu anarudishwa nyumbani na panadol. Kama gitaa kwenye boda ni tabu basi mtu akurekodi na simu, video moja kutoka mbele na moja kutoka ubavuni, kwanza polepole alafu kwa kasi ile ya kazini, na ionekane pale kidole kinapoanza kuingia. Daktari ataangalia pia kama si kitu kingine: mshipa wa fahamu uliobanwa, dalili za mwanzo za Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, au ule ugonjwa wa Wilson ambao shaba inajaa kwenye ini na ubongo, huo unatafutwa kwa watu wenye umri mdogo. Mtajie kila dawa unayokunywa au uliyokunywa, kuna za kuzuia kutapika kama metoklopramidi na zile za akili kama haloperidoli ambazo zenyewe zinaweza kukakamaza misuli. Na kama siku moja ukaona mkono unatetemeka umetulia tu, au unaangusha kikombe, au ulimi unakuwa mzito, usingoje tarehe ya kliniki, nenda.

Sindano ya rafiki yako ni kweli ipo. Ni botulinamu, yaani botoksi, ile ile watu wa urembo wanatumia kunyoosha makunyanzi. Inachomwa kwenye msuli wa mkono, huku chini ya kiwiko maana misuli inayokunja vidole iko huko, inakata mawasiliano ya mshipa na msuli, msuli unalegea. Inaanza kushika baada ya siku kadhaa mpaka wiki mbili, na inakaa kama miezi mitatu alafu unarudia. Shida yake kwa mpiga gitaa ni kwamba dozi ikizidi kidogo tu au ikaingia msuli wa jirani, kidole kinakuwa dhaifu, hakikunjiki kweli lakini hakipigi pia. Anayechoma anatakiwa awe na mashine ya kusikiliza msuli au altrasaundi ya kuuona, na awe amekuona ukipiga. Kwa hiyo tafadhali sana usiende kwa mtu wa saluni ati naye ana botoksi. Kwa wengine inasaidia sana, kwa wengine nusu, na bei si ya mchezo.

Kuna vidonge pia, triheksifenidili, ndio hizo hizo wanapewa wagonjwa wa akili kupunguza mkakamao wa dawa zao. Si ghali. Lakini zinakausha mdomo, zinafunga choo, macho yanakuwa na ukungu na kumbukumbu inapungua, na wewe nyimbo zote ziko kichwani hujaandika popote. Daktari akikupa jaribu, ila usijinunulie duka la dawa.

Ninayoiamini mimi zaidi, na naisema nikijua kazi yangu inanipendelea upande huo, ni kufundisha ubongo upya. Hii haina njia ya mkato, ni miezi, mara nyingi ni zaidi ya mwaka. Kwanza acha kabisa kupiga ile seben inayokusumbua, siyo kupunguza, kuacha. Alafu tafuta spidi ambayo kidole hakijikunji, hata kama ni ya kuchekesha, noti moja, pumua, noti ya pili. Kaa mbele ya kioo ili uone mkono wako vile anayekutazama anavyouona, maana wewe ukitazama kutoka juu hauoni cha kati kinavyoanza kuingia. Kikianza tu, simama, toa mkono kwenye nyuzi, legeza bega, anza tena chini zaidi. Usikivute kwa nguvu kikae nje, kupigana nacho ni sehemu ya ugonjwa. Dakika 10 au 15 inatosha, pumzika, rudi baadaye. Spidi unaipandisha kidogo sana na siku ikikataa unarudi chini bila hasira.

Kuna na ujanja wa mguso. Vaa glavu nyembamba ya hospitali mkono wa kulia alafu piga. Kwa watu wengine kidole kinatulia hapo hapo, wanashtuka, ni vile ngozi inatuma habari mpya na ubongo unachanganyikiwa unasahau ule mfereji wake. Wengine wanafunga plasta kwenye ncha ya kidole, wengine wanabadilisha urefu wa mkanda au wanapiga wamesimama badala ya kukaa. Saa ingine ubongo unaizoea na inaacha kufanya kazi, lakini ukiona inasaidia tumia hiyo wakati wa kujifunza upya. Kuna pia wataalamu wanaofunga vidole vingine kwenye kibati ili kile kigonjwa kijifunze kutembea chenyewe, hiyo usijifanyie, inahitaji mtu anayejua.

Sasa chakula cha watoto. Wewe umesema hautumii pleki, na mimi naona hapo kuna mlango. Pleki ni mwendo mwingine kabisa, mkono unatoka kwenye kiwiko na kifundo, cha kati kinapumzika. Sikuahidi, kuna watu ugonjwa unawafuata hata huko, lakini wengine wanapiga na pleki miaka mingi na msikilizaji hajui. Ianze kama mwanafunzi, polepole, usiikimbilie jukwaani wiki ya kwanza. Kama na hiyo inagoma, mkono wako wa kushoto ni mzima na sikio ni zima, unaweza kupanga nyimbo, kufundisha vijana, kuimba vokali. Na mwambie kiongozi wa bendi mapema kabla hajaanza kusikia makosa akadhani ni pombe. Mwambie hivi: nina shida ya mishipa ya fahamu, natibiwa, naomba seben ndefu apige mwingine kwa sasa, mi nabaki kwenye intro na sehemu za polepole.

Usidhani hii ni mambo ya watu wadogo tu. Leon Fleisher, mpiga piano wa Marekani, alikuwa kileleni kabisa katikati ya miaka ya 1960 vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vikaanza kukunjika kiganjani. Hakuna aliyejua ni nini. Alipitia kila daktari, akaanza kufundisha na kuongoza okestra na kupiga muziki ulioandikwa kwa mkono wa kushoto peke yake. Zaidi ya miaka 30 baadaye, kwa botulinamu na kukandwa misuli kwa kina, akarudi kupiga kwa mikono yote miwili, na bado mwenyewe alikuwa anasema hajapona, anaishi nayo tu. Alifariki 2020. Na kabla yake Robert Schumann, Mjerumani, mapema miaka ya 1830 kidole kimoja cha mkono wa kulia kilimgomea akaacha ndoto ya piano akawa mtunzi, na leo wataalamu wengi wanaona dalili zake zinafanana na distonia. Wote hao walikazana na mazoezi kwanza. Wewe umeshajua, usipite huko.

Habari. Mimi ni mwanamke wa miaka 45, napigia kwaya kinanda hapa Arua. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vinakufa ganzi nikipiga, na usiku pia naamka vimekufa natikisa mkono mpaka virudi. Nimesoma kwenye intaneti kwamba ni distonia na haina dawa. Nimelia. — Mwalimu wa Kwaya, Arua

Mwalimu, futa machozi. Distonia haileti ganzi, na haikuamshi usiku. Yako inanuka mshipa wa fahamu uliobanwa, na huo una mambo mengi ya kufanya.

Vidole viwili vya mwisho vinahudumiwa na mshipa unaopita nyuma ya kiwiko, pale ukijigonga kwenye mlango unasikia shoti mpaka kidole cha mwisho. Ukilala umekunja kiwiko mshipa unavutika usiku mzima. Ukikaa kwenye taksi umeegemeza kiwiko dirishani, ukisahihisha vitabu umekiweka juu ya meza, ni yale yale. Usiku funga taulo kuzunguka kiwiko, lisikaze, liwe tu kizuizi usikikunje sana, fanya hivyo wiki kadhaa. Na angalia kinanda chenu kimekaa wapi, makanisa mengi wanakiweka juu ya meza ya kawaida, mpigaji anakunja viwiko anapandisha mabega kama anaogopa baridi, kishushwe mpaka mikono ilale sawa na viwiko vyako.

Kama ganzi ingekuwa upande wa gumba, shahada na cha kati ningesema ni mshipa wa kwenye kifundo, hapo dawa inaanza na kifaa cha kunyoosha kifundo wakati wa kulala. Kwa yote mawili pima sukari, maana kisukari kinaharibu mishipa kimyakimya. Na kagua ngozi yako, ukiona baka lenye rangi hafifu lisilosikia ukiligusa, nenda hospitali ya rufaa ya hapo Arua uwaonyeshe, ukoma bado upo na unapenda sana mshipa huo wa kiwiko, na dawa yake ni bure na unapona. Usiogope jina. Kitu kingine cha kukupeleka haraka ni ukiona nyama iliyo kati ya gumba na shahada inabonyea, au huwezi kushika karatasi kati ya vidole, hapo mshipa unaumia kweli.

Afande hapa, napiga tarumbeta kwenye bendi. Mkono wangu hauna neno, ni midomo. Noti za katikati zinatetemeka na kona ya mdomo inavutwa upande, za juu na za chini ziko sawa. Kiongozi anasema mi mvivu. — Tarumbeta, Bombo

Afande, distonia inashika na midomo ya wapiga tarumbeta na trombone, na kweli saa ingine inakamata noti za sehemu moja tu, kwa hiyo usikubali neno uvivu. Lakini tuanze na rahisi. Meno je? Uling'olewa jino au ukaweka la bandia hivi karibuni? Umebadilisha mdomo wa tarumbeta, kile kipande unachopulizia? Msimu wa gwaride mlipiga siku ngapi mfululizo? Midomo iliyochoka inauma, inavimba, na ukiipumzisha wiki mbili tatu inarudi. Distonia haiumi na mapumziko hayaitibu, unarudi baada ya likizo na noti ile ile inakungoja palepale. Omba ruhusa ya mapumziko hayo kwa maandishi, ukirudi na iko vilevile, daktari wa mishipa ya fahamu, na nenda na tarumbeta hata kama watu wa foleni watakutazama. Ukiweza, mbele ya daktari piga mdomo wa tarumbeta peke yake bila tarumbeta yenyewe, na video ya karibu ya midomo iwepo kwenye simu.

Mtoto wangu ana miaka 14, anapiga adungu, kile kinubi cha nyuzi, kwenye kikundi cha shule huku Nebbi na wanajiandaa na mashindano, anapiga mpaka usiku. Jirani ameniambia vidole vitakuja kupooza. Nimnyang'anye? — Mzazi

Hapana mzazi, usimnyang'anye. Distonia si kupooza, na kwa mtoto anayefurahia ni nadra sana, kwa kawaida inakuja mtu akiwa mkubwa, baada ya miaka mingi ya kazi. Cha kumfanyia ni kumpangia tu: kila nusu saa asimame, anyooshe vidole, anywe maji, na asirudie kipande kimoja mara mia, abadilishe nyimbo. Mwambie mwalimu wake pia asiwachape kwa noti iliyokosewa, mtoto anayepiga kwa woga anakaza mkono mzima. Na akisema mkono unauma basi siku hiyo imeisha, hata kama mashindano ni kesho.